Tweedehands, Yaani Mkono wa Pili

Kadi ya kwanza niliyomwonyesha dada ilikuwa na neno moja tu: tweedehands.

"Hilo ni tusi?" akaniuliza.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikakumbuka, nikanyamaza.

Dada ni binti wa shangazi yangu. Aliolewa akiwa na miaka 20, akaachwa akiwa na 24, akarudi kwao Kibokoni na mtoto mmoja na masanduku mawili. Mwaka uliofuata, kwenye harusi ya jirani, mama mmoja alimtazama akipita na sinia la mahamri, akasema kwa sauti ya kusikika meza ya tatu: "Huo ni mtumba tu." Ukiwa umekulia Mji wa Kale wajua kwamba neno la harusini haliishii harusini. Lilimfuata dada mpaka dukani, mpaka madrasa anakosoma mwanawe.

"Si tusi," nikamwambia. "Tweede ni ya pili. Hands ni mkono. Yaani kitu cha mkono wa pili. Viatu, baiskeli, kabati. Wao huandika hata kwenye kibao cha duka."

"Na hawaoni haya?"

"Hawaoni."

Akaichukua kadi, akaigeuza, akaanza kusoma upande wa nyuma. Hapo nikaona haya mimi.

Nieleze kadi zilitoka wapi. Niliacha chuo mwaka wa pili nikisomea historia. Ada ilikuwa sababu, lakini siyo yote. Nyingine ni kwamba nilichoka, na sikujua namna ya kumwambia mtu kuwa nimechoka. Nilirudi Mombasa na begi la noti. Siku hizi naandika vitu vya kulipwa kwa neno: maelezo ya hoteli, hotuba za harusi, wakati mwingine insha kama hii. Dada aliponiomba nimsaidie kusoma Kiholanzi, nilizitoa noti zile, nikazikata vipande vinne vinne, nikaandika neno la Kiholanzi upande mmoja. Upande wa pili ulibaki vile ulivyokuwa. Kwa hiyo nyuma ya tweedehands kulikuwa na mwandiko wangu wa mwaka wa kwanza kuhusu Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885.

Kwa nini Kiholanzi? Kwa sababu dada amepata mchumba, kijana wa hapa hapa pwani anayefanya kazi na kuishi Rotterdam, na serikali ya Uholanzi ina sheria yake. Tangu tarehe 15 Machi 2006, watu wa nchi nyingi wanaotaka kwenda kuishi na mwenzi wao kule, Wakenya wakiwemo, ni lazima wafanye mtihani kwanza wakiwa bado kwao. Kwetu sisi ni kwenye ubalozi, Nairobi. Una sehemu tatu: kuzungumza, kusoma, na maarifa kuhusu jamii ya Kiholanzi. Ada ni yuro 150 kwa zote. Kiwango chake ni cha chini kabisa katika ngazi za lugha za Ulaya, wenyewe wanakiita A1. Lakini cha chini kwa nani? Kwa mtu anayeamka saa kumi na moja kuchoma mahamri ya kuuza, na mtoto mgongoni, A1 ni mlima.

Tukagawa maneno kwa mafungu. Chakula, barabara, hospitali, hali ya hewa. Fungu lililotukwamisha kwa muda mrefu, na kwa raha zaidi, ni la vitu vinavyotumika tena. Waholanzi wana maneno mengi hapo. Ilikuwa baada ya wiki mbili ndipo nikagundua kwamba sisi pia tunayo mengi, ila hatujawahi kuyaweka kwenye fungu moja.

Kwanza, habari njema kwa wasomaji wa pwani: ile herufi yao ya G, inayowatesa watu wengi, sisi tuliisoma madrasa. Gebruik, "matumizi", huanza kwa kitu kama kha. Hergebruik ni "matumizi ya tena". Dada aliitamka mara ya kwanza tu, safi, kama anayesema khofu au khatari. Kwenye simu mchumba wake akashangaa. Mwalimu wa chuoni pale Kuze aliyemchapa viganja kwa ajili ya makhraja hakujua alikuwa anamwandaa mtu kwa ajili ya Rotterdam.

Habari mbaya ni kwamba hatukuwa na neno hata moja la kuanzia. Hili lilinishangaza. Wareno walikaa Mombasa, wakajenga Fort Jesus kuanzia 1593, wakatolewa na Waomani mwaka 1698, na katika hiyo miaka mia na ushei wakatuachia meza, bendera, mvinyo, kopo na leso. Wataalamu wengi husema hata gereza limetoka kwao, kwenye neno lao la kanisa. Ajabu yake ni kwamba Waingereza walikuja kuifanya ngome hiyo hiyo jela, tangu 1895 mpaka 1958, na leo ni makumbusho. Jengo limetumika tena na neno limetumika tena.

Waholanzi je? Hata jina lao tulilitumia kwa mtu mwingine. Wazee wakisema Mdachi humaanisha Mjerumani. Wenyewe walipita baharini. Kati ya 1776 na 1778 meli za kampuni yao ya VOC, mojawapo ikiitwa De Zon, yaani Jua, zilitoka Rasi ya Tumaini Jema zikaja pwani hii ya Waswahili na kufika Zanzibar. Hazikuja kutafuta pembe wala mikoko. Zilikuja kununua watu. Nilipomsimulia dada akauliza kama hilo nalo litakuwa kwenye sehemu ya tatu ya mtihani. Nikamwambia ajiandae tu na maswali ya daktari na takataka.

Lakini kuna mlango mwingine Waholanzi walioingilia, na huo uko kwenye kabati la kila mama wa Mombasa. Ni leso.

Habari ya leso wengi wetu twaijua nusu. Neno ni la Kireno, maana yake kitambaa cha mkononi au cha kichwani. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, vitambaa hivyo vilikuja vimechapwa kwenye jora, kimoja baada ya kingine, havijakatwa. Muuzaji alitarajia ukate kimoja ujifute jasho. Wanawake wa pwani wakaona kitu kingine. Wakanunua sita, wakavikata tatu kwa tatu, wakaviunga ubavu kwa ubavu, wakapata nguo ya kujifunga mwilini. Nguo hiyo haikubuniwa kiwandani. Ilibuniwa na mtu mwenye sindano aliyekataa kutumia kitu kwa kazi iliyokusudiwa.

Wafanyabiashara wakaona, viwanda vikafuata. Na viwanda hivyo vilikuwa wapi? Baadhi vilikuwa Uholanzi. Mwaka 1846, katika mji wa Helmond, Pieter Fentener van Vlissingen alianzisha kiwanda cha kuchapa vitambaa, hicho ambacho leo dunia nzima yakijua kwa jina la Vlisco. Walikuwa wanaiga batiki ya Java, koloni lao, ili wawauzie Wajava wenyewe. Baadaye ufundi huo huo wakautafutia wanunuzi wengine, na kufikia miaka ya 1880 viwanda vya Uholanzi vilikuwa vinachapa vitambaa kwa ajili ya pwani yetu, vipimo vyetu na rangi zetu, vitambaa vizima ambavyo havikuhitaji tena kuungwa. Kwa hiyo bibi wa bibi yangu, akiwa hapa kisiwani, huenda alijifunga kitu kilichochapwa na Mholanzi, aliyejifunza kwa Mjava, kikafuata mtindo uliobuniwa na mwanamke wa pwani, kikaitwa kwa jina la Kireno. Nikakiita cha nani?

Maneno ya kwenye leso yalikuja baadaye. Kwenye Biashara Street hapa kisiwani, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza 1887 na ambalo alama yake ya Mali ya Abdulla utaikuta kwenye leso nyingi, ndilo husifiwa kwa kuanza kuzitia majina, yaani ile methali au kijembe. Sasa viwanda ni vya India na vya kwingineko. Wajapani nao walipata zamu yao kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Lakini hesabu ya safari hii iweke kichwani: karne moja na nusu iliyopita, nguo mpya ilitoka Helmond ikaja Mombasa.

Sasa tazama shangazi yangu anavyoitumia. Yeye ni fundi cherehani. Anashona mabuibui, anapunguza suruali za mitumba, anabadilisha zipu. Kwake leso ina umri kama mtu. Ikiwa mpya ni ya harusini na matangani. Ikishafuliwa sana, ni ya kushindia nyumbani. Ikichujuka, huwa mbeleko, manake sasa imelainika na haimchubui mtoto. Mbeleko ikichakaa hupasuliwa: upande huu winda, upande huu vitambaa vya kuepulia sufuria. Kipande kingine huviringishwa kikawa kata ya kubebea ndoo kichwani. Mwisho kabisa ni tambara la kupigia deki. Leso moja aliyopewa siku ya harusi yake mwaka 1989 iko mpaka leo chini ya mguu wa cherehani, imekunjwa mara nne, inazuia meza isiyumbe. Jina lake halisomeki tena.

Nilimwuliza dada ahesabu ni maneno mangapi ya Kiswahili yamepita hapo. Kuukuu, chakavu, mbeleko, winda, kata, tambara, kiraka. Kisha tukayatafuta ya Kiholanzi. Lap ni kitambaa au kipande cha nguo. Oplappen ni kukitia kiraka, kukiinua tena. Lappendeken ni blanketi la viraka. Vod ni tambara. Na zamani walikuwa na mtu anaitwa voddenboer, aliyepita mitaani na mkokoteni akinunua matambara na vyuma. Dada akasikiliza nje. Si mbali, kuelekea Ndia Kuu, kijana wa mkokoteni alikuwa anapita na wimbo wake wa kila siku: chuma chakavu, betri mbovu, jiko bovu. "Huyo hapo voddenboer," akasema. Tangu siku hiyo watoto wa nyumba ile humwita hivyo, na G zao za madrasa hazihitajiki maana neno halina G.

Kijana huyo naye ana historia. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya chuma chakavu nchini baada ya watu kuiba vyuma vya minara ya umeme, na kwa miezi kadhaa mikokoteni ikawa kimya. Hapo ndipo nyumba nyingi za Mji wa Kale zilipogundua ni vitu vingapi hutolewa na watu wale kila wiki. Ngazi zilijaa majiko yaliyotoboka.

Sasa tufike kwenye mtumba wenyewe, kwa sababu ndiko tulikoanzia.

Mtumba asili yake si nguo kuukuu. Ni mzigo uliofungwa, robota. Tulichukua jina la kifurushi tukalipa kilichomo. Kabla neno hilo halijashika, watu walisema kafa Ulaya: mwenye koti hili amekufa huko, ndiyo maana limetufikia. Mtu gani mwenye akili timamu angetoa koti zima namna hii akiwa hai? Ilikuwa njia ya kueleza wingi ambao hatukuwa tumeuona. Mzigo ulipofunguliwa milango kwenye miaka ya mwanzo ya 1990, uchumi ulipolegezwa, mitumba ilifurika, na viwanda vya nguo kama Kicomi cha Kisumu vikaanguka. Mitumba haikuwa sababu peke yake, lakini ilikuwepo. Mwaka 2016 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa kidogo kidogo mpaka 2019. Marekani ikatishia kutunyima nafasi ya kuuza nguo zetu kwao bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya ikajitoa 2017. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 ikaadhibiwa. Halafu 2020, kwa ajili ya korona, serikali yetu ikasimamisha mitumba kwa miezi kadhaa, ikairuhusu tena Agosti.

Katikati ya hayo yote wauzaji walitengeneza lugha yao. Ukienda Kongowea, kule ng'ambo ya daraja la Nyali, asubuhi robota linapokatwa kamba, vile vizuri kabisa vinavyochaguliwa kwanza huitwa kamera. Vinavyobaki chini baada ya kila mtu kuchagua huitwa fagia. Shangazi hununua fagia. Anachukua mashati matatu ya fagia, anatoa moja zuri la mtoto wa shule, na vifungo vinavyozidi anavitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Kopo hilo lilikuwepo kabla sijazaliwa.

Na Uholanzi? Ni miongoni mwa nchi za Ulaya zinazouza nje nguo nyingi zilizovaliwa. Kwa hiyo safari ile imepinduka. Nguo mpya ilitoka kwao ikaja kwetu ikiwa leso. Sasa nguo kuukuu inatoka kwao inakuja kwetu ikiwa robota. Katikati kumetokea kitu kwenye maneno. Kwao, kununua tweedehands ni jambo la kujisifia: umeokoa pesa, umeokoa dunia. Wana maduka yanaitwa kringloopwinkel. Kring ni duara, loop ni mwendo, winkel ni duka. Duka la mwendo wa duara. Mtu anapeleka sofa lake, mwingine analinunua, na hakuna anayesema kafa. Kwetu neno limefika hadi kwenye mwili wa mtu.

Nilipomweleza dada habari ya kringloopwinkel, alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kwa hivyo kule kitu hakifi. Kinazunguka tu."

"Kwenye neno," nikamwambia. "Kwa vitendo, vingine huzunguka mpaka Kongowea."

Hili sikutaka alikose. Rahisi sana kwa mtu anayesoma lugha ya watu kwa sababu ya mapenzi kufikiri kwamba watu hao ni wazuri kama maneno yao. Duara lao lina shimo, na shimo hilo limeelekea kwetu. Shati la fagia ambalo hata shangazi hawezi kuliokoa huishia jaani, na jaa hilo haliko Helmond.

Lakini mengine tuliyacheka kwa sababu tulishayajua. Statiegeld ni pesa unayolipia chupa, unarudishiwa ukiirejesha. Kule chupa ndogo za plastiki ziliingizwa kwenye mpango huo Julai 2021, na makopo Aprili 2023, senti 15 za yuro kila moja. Dada hakuelewa kwa nini hilo lihitaji somo. Alipokuwa mtoto, ukitumwa soda kwa duka la kona bila chupa tupu, ulirudishwa nyumbani, au uache pesa ya chupa mezani. Kila mtoto wa Kenya aliyewahi kuvunja chupa ya soda njiani alikuwa amesoma statiegeld, na aliifaulu kwa machozi.

Halafu kuna kliekje, chakula kilichobaki jana. Hilo lilitufurahisha kuliko yote. Sisi twasema kiporo. Na wazee wa Mvita watakwambia mwiku, wali wa mwiku, unaopashwa asubuhi na kuliwa na chai. Ukiangalia kliekje, restje, lapje, stukje, utaona mkia huo wa je. Ni wa kufanya kitu kiwe kidogo, na mara nyingi kiwe cha kupendeka. Sasa angalia kiporo, kiraka, kitambaa, kipande. Wao hukipunguza kitu kwa mkia, sisi kwa kichwa. Dada alipolishika hilo, hakukosea tena. Alikuwa anatembea nyumbani akitia je kwenye kila kitu, hata kwa mwanawe.

Neno la mwisho katika fungu lile lilikuwa maken. Niliandika kwenye kadi: kutengeneza. Kesho yake nikasoma sehemu nyingine kwamba maken ni kuunda kitu kipya. Nikasoma kwingine kwamba mtu mwenye baiskeli mbovu huipeleka kwa fundi na kusema anataka aifanyie maken. Nikafikiri nimechanganyikiwa. Nikaandika kadi mbili: maken, kuunda. Maken, kukarabati.

Shangazi alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Kawaida hakuingilia masomo yetu. Siku ile akauliza, "Mbona neno moja lina kadi mbili?"

Nikamweleza kwamba kwa Kiholanzi, kutengeneza kitu ambacho hakikuwepo na kutengeneza kitu kilichoharibika ni...

Nikajisikia nikisema. Akanitazama juu ya miwani.

"Babangu," akaniambia, "wewe wasema kutengeneza mara mbili, waona ajabu wao kusema mara moja?"

Ni kweli. Mtu anatengeneza kiti, na mtu anatengeneza kiti kilichovunjika. Kiswahili hakijali. Kukarabati tunalo, la redioni na kwenye tenda za serikali, lakini ukienda kwa fundi hapa Mji wa Kale hutasema "nikarabatie kiatu". Utasema nitengenezee. Lugha mbili zisizo na ujamaa wowote, moja ya mabwawa na baridi, moja ya matumbawe na joto, kwenye vinywa vya watu wa kawaida zimeona jambo moja: anayekirudisha kitu kwenye kazi amekifanya kwa mara nyingine. Siyo chini ya aliyekifanya kwanza. Mwanamke aliyeunga vitambaa sita alikuwa anatengeneza. Je, ni kwa maana ipi? Swali lenyewe halisimami kwa Kiswahili.

Mwaka 2009, Oktoba, Martine Postma alifungua mjini Amsterdam mahali ambapo watu huleta vitu vibovu wakatengenezewa bure na majirani wenye ujuzi, akapaita Repair Café. Sasa viko sehemu nyingi za dunia. Ni wazo zuri. Nilimwonyesha shangazi video yake kwenye simu. Aliitazama mpaka mwisho, akarudisha macho kwenye sindano, akasema, "Na hawalipi?" Basi.

Jioni ile dada alikaa barazani na ile kadi ya tweedehands. Akaniuliza tena lile swali la siku ya kwanza, ila sasa kwa namna nyingine. "Ukisema mkono wa pili, ule mkono wa kwanza ulifanya nini?"

Nikasema ulikiachia.

"Uliharibu," akasema. "Mimi nilikuwa mzima."

Shangazi, kutoka ndani, bila kuinua kichwa, akatupa methali: "Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa." Kamba iliyozeeka bado si sawa na ukambaa mpya, itavuta jahazi, ukambaa utakatika. Hakuieleza. Cherehani ikaendelea.

Alisafiri kwenda Nairobi kwa treni, akitokea Miritini, na kadi 212 ndani ya mfuko wa unga. Mtihani ni wa kompyuta. Unasikiliza swali, unajibu ukiwa umevaa vitu masikioni, na hakuna uso wa mtu wa kuusoma. Baada ya wiki kadhaa majibu yakaja. Kusoma, amepita. Jamii, amepita. Kuzungumza, ameanguka.

Alilia siku moja. Siku ya pili akauliza kama lazima arudie yote. Si lazima; anarudia ile iliyoanguka tu, kwa yuro 60. Shangazi alifungua kopo la vifungo, na chini ya vifungo kulikuwa na pesa. Sote tulikuwa hatujui. Hazikutosha, lakini zilifika karibu, na mimi nikaongeza malipo ya maelezo ya hoteli moja.

Kwa hiyo tumerudi barazani. Juzi nilikuwa natafuta jinsi ya kusema "tena" kwa Kiholanzi, ile ya kuanza kitu kutoka mwanzo. Ni opnieuw. Nikaigawa kwenye kadi kama nilivyozoea: nieuw, mpya. Op, kwa. Nikabaki nimeitazama. Sisi husema upya. Anza upya. Soma upya. Neno lenye "mpya" ndani yake, la kitu unachokifanya mara ya pili.

Nyuma ya kadi hiyo kulikuwa na noti zangu za semista ya mwisho, sentensi iliyokatika katikati pale makasi yalipopita. Dada aliisoma kwa sauti, akaniuliza ilikuwa inaendelea vipi.

Nikamwambia ngoja nitafute kipande kingine.